Mkono wa Kushoto wa Samiha

Uji ulikuwa umepoa mara mbili, na mara mbili Samiha ameupasha. Ritha alimeza vijiko vitatu, akageuzia uso ukutani. Saratani ya kizazi ilikuwa imemla hadi mashavu, na hiyo Jumatatu ilikuwa siku ya nne Samiha hajalala usingizi wa kueleweka. Alikuwa ameomba likizo ya wiki moja kazini kwake Tanga mjini, akaja Mwera kumuuguza shoga yake, kwa kuwa Alexander, kaka yake Ritha, alikuwa safarini na hakutarajiwa kabla ya alasiri. Walijuana tangu bweni la sekondari, mmoja akienda misa na mwenzake akitandika mswala, nguo wakiazimana.

Saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Nasri, meneja wake.

"Samiha, seva imezimika. Malori matano yamekaa uani, hayajui yabebe dawa gani yapeleke wapi."

"Bosi, niko kwa mgonjwa."

"Najua. Dakika kumi tu."

Samiha alizijua dakika kumi za Nasri. Hata hivyo akaifungua kompyuta yake pale mkekani, akaiunganisha na simu. Seva ile ndiyo iliyotunza maagizo ya zahanati zote walizozipelekea dawa, kuanzia Tanga mpaka huku Pangani. Alijaribu kuifikia, wapi! Ilitaka mtu aingie chumba cha mitambo aitazame kwa macho, na mwenye ufunguo alikuwa Mzee Jumbe, mlinzi. Akampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Tangu asubuhi, huyo ndiye wa kwanza kuuliza.

"Hivyo hivyo, mzee. Hebu niambie, humo chumbani unaona nini?"

"Naona joto, mama. Kiyoyozi kimekufa. Mimi mwenyewe nimelowa kama niliyetoka kuoga."

Kumbe mitambo ilijizima yenyewe kwa kuzidiwa na joto. Akamwambia aache mlango wazi, atafute feni, asubiri hadi chumba kipoe ndipo abonyeze kitufe. Mzee akayarudia maneno moja moja, kama mtu anayehifadhi sura ya Kurani.

Wakati wa kungoja huko, maumivu yakamjia Ritha. Samiha akampimia morfini ya maji, akambadilishia shuka, akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamlaza ubavu. Simu ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Pokea," Ritha alisema.

"Mwache."

"Pokea bwana, inanigonga kichwani."

Alikuwa Nasri. "Kwani huyo mgonjwa hana ndugu?"

Samiha akakata simu.

Saa nne Mzee Jumbe akabonyeza kitufe, taa zikawaka, seva ikaitika. Lakini hifadhi ya maagizo ilikuwa imeharibika kwa kule kuzimika ghafla. Samiha akaanza kuandika amri. Hapo Ritha, ambaye dawa ilikuwa haijamkolea, akanyoosha mkono, akaudaka mkono wa kushoto wa mwenzake, akaubana.

Samiha akaendelea kwa mkono wa kulia peke yake, herufi moja moja. Akakosea, akafuta, akakosea tena; kidogo tu aiamuru seva ifute kila kitu. Jasho likamtoka. Alifikiri kuuomba mkono wake. Akamtazama Ritha: macho ameyafumba, meno ameyauma. Hakuuomba.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuyaokoa maagizo yaliyoingia asubuhi ile, kazi ya saa tatu, ya mikono miwili na akili iliyolala usiku. Ya pili, kurudisha nakala ya jana yake, shughuli ya dakika ishirini, na ya asubuhi yapotee.

Akarudisha ya jana.

"Zahanati kumi na nne itabidi ziagize upya," alimwambia Nasri. "Wapigieni simu."

"Umeshindwa kuyaokoa?"

"Ningeweza. Sikuyaokoa."

Nasri akasema, "Tutaongea ukirudi."

Malori yaliondoka saa sita. Ritha alikuwa amepitiwa na usingizi, vidole vimelegea. Samiha akautoa mkono wake taratibu, umekufa ganzi, akataka kuinuka akafue shuka. Hakuinuka. Alexander alipofika alasiri aliwakuta wote wawili wamelala, kompyuta iko wazi. Shuka akazifua mwenyewe.

Barua ya onyo Samiha aliipata juma lililofuata. Akaisoma, akatia sahihi, kisha akaomba likizo nyingine, bila malipo.

Nasri akaipokea barua. "Rafiki yako anaendeleaje?"

"Anakufa, bosi."

Akampa siku kumi. Ritha alifariki siku ya sita, kabla ya adhuhuri, Alexander akiwa kando yake na Samiha akiwa jikoni akichemsha maji ya kumwogesha.