Mwaridi Kwenye Kopo la Rangi

Nililaza kopo la rangi ubavuni, nikagongelea msumari kwenye kitako chake. Tundu la kwanza lilipofunguka yakatoka maji meusi yenye harufu ya mtaro. Hapo ndipo nilipoamini kuwa kwa miezi miwili nilikuwa nikiuzamisha mwaridi wa mama kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alipofariki, kaka yangu aliiuza nyumba kabla udongo wa kaburi haujakauka. Hakuniuliza. Siku ya kukabidhi funguo nilikata kijiti cha mwaridi wake uani, nikakifunga kwa kitambaa kilicholowa, nikakitia kwenye kopo tupu la rangi. Kaka akacheka.

"Dada, unaishi ghorofa ya tatu. Waridi kwenye kopo? Hata mwaka halimalizi."

Nilisema moyoni, tutaona.

Kijiti kilishika, kikatoa majani. Kisha yakaanza kugeuka manjano. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya miti siyajui. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Yakaja madoa meusi. Vidukari vikajazana kwenye machipukizi kama wageni wasioaga. Nililia juu ya kopo lile, na sioni haya kusema.

Aliyeniokoa alikuja kugombana. Jirani wa chini, muuguzi mstaafu, alipanda ngazi na shuka mkononi, imechafuliwa na maji yaliyofurika kutoka kwangu. Alifungua kinywa anipashe, akauona mti. Akachomeka kidole kwenye udongo.

"Mwanangu, mgonjwa wako hana kiu. Anazama."

"Nifanyeje?"

"Toboa kopo. Badilisha udongo. Usogeze penye jua la asubuhi. Majani yenye madoa uyatoe nje kabisa, vidukari uvioshe kwa maji ya sabuni. Halafu kata vilivyooza, mpaka uone kijani."

Nilikata kwa mkasi wangu wa vitambaa, ambao sijapata kumruhusu mtu akatie hata karatasi. Nilikata mpaka kikabaki kisiki cha urefu wa kidole. Wateja waliokuja kupima nguo walinishauri nikitupe. Niliwaambia wasimame wima, wananiharibia vipimo.

Wiki ya sita kikachipua.

Mwaka wa pili kaka alinitembelea. Kibarazani kulikuwa na maua tisa, mekundu yale yale ya uani kwa mama. Alisimama mbele yake muda mrefu, kofia mkononi, na nilimhurumia kidogo.

"Nikatie kijiti kimoja, dada. Nami nipande kwangu."

"Nenda kakate kule ulikouza."

Alitabasamu, akidhani natania. Mimi niliendelea kuchambua majani yenye madoa, moja moja, nikiyatia mfukoni mwa aproni, mpaka nikasikia mlango ukifungwa.