Breki ya Kinyonga

Katika mji ule, mtu aliyetaka kunyolewa kwa amani alitafuta kinyozi mwingine. Kwa kinyozi wa karibu na uwanja wa mbio, ukishakaa kwenye kiti umekubali kusikiliza mabishano ya pikipiki mwanzo mpaka mwisho, na hata kutikisa kichwa kukataa huwezi, kwa kuwa wembe uko shingoni.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote pale hakuwa kinyozi mwenyewe. Alikuwa shemeji yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyemwoa dada wa kinyozi, mtu mfupi mwenye makovu ya cheche mikononi na mdomo usiojua likizo. Walimwita Hakimu. Mbio za dunia zikionyeshwa kwenye televisheni Jumamosi, Jumatatu Hakimu anatoa hukumu: huyu ni mwamba, yule amebahatisha, yule mwingine akalime. Watu walimsikiliza, maana hakuwa debe tupu. Klabu ya mji ilikuwa na waendeshaji tisa, na viatu vya wote tisa vilipita mikononi mwake.

Asiyeujua mchezo huu aelezwe kidogo, asije akapotea njiani. Pikipiki zenyewe hazina breki. Si kwamba breki ni mbovu, hazikuwekwa kabisa. Waendeshaji wanne hupangwa nyuma ya kamba, kamba inaruka juu, wanazunguka uwanja wa udongo mara nne, wakipinda kushoto tu, na kwa dakika moja hivi mambo yamekwisha. Kwenye kona pikipiki inalala, gurudumu la nyuma linateleza ubavuni, na mwendeshaji anautoa mguu wa kushoto mbele ili asipoteze mizani. Mguu huo huvishwa soli ya chuma juu ya buti, wenyewe huiita kiatu, la sivyo buti lingekwisha siku hiyo hiyo. Soli hizo ndizo alizotengeneza Hakimu, na ndizo zilizompa kiburi.

Kulikuwa na mwendeshaji mmoja ambaye Hakimu hakuwahi kumpa nafuu. Bingwa wa dunia mara mbili, mtu wa nchi ya mbali, mashabiki walimwita Kinyonga kwa sababu kamba ikiruka yeye ndiye wa mwisho kuondoka. Wenzake wanakimbilia ndani ya kona, yeye anazunguka nje kabisa, pembeni mwa uzio, halafu hujui imekuwaje, amewapita. Kinyozi alimpenda mno. Picha yake ilikuwa juu ya kioo, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya wazazi.

Hakimu alikuwa na neno moja tu juu yake, na alilirudia kwa miaka kumi na moja. Alisema Kinyonga ana breki mguuni. Maana yake, mtu yule anaogopa, na akifika kwenye kona anakandamiza mguu ardhini ili apunguze mwendo, kisha anasubiri wenzake wakosee. Alisema ameliona kwa macho yake: kila kona, udongo unaruka nyuma ya kile kiatu kama maji. Kwa watu wa kiti cha kunyolea hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Kinyozi alibisha, alinuna, siku moja hata alimwacha shemeji yake na nusu ya kichwa akaenda kunywa chai. Mkewe Hakimu alimwambia kwa upole zaidi. Alimwambia anamhukumu mtu ambaye hata kivuli chake hajakiona.

Basi mwaka ule mbio za dunia zikaletwa kwenye uwanja wao.

Waandalizi walihitaji fundi wa kuchomelea akae na mashine yake sehemu ya mafundi, nyuma ya uzio wa waya, kwa ajili ya vyuma vitakavyopinda. Walimchukua Hakimu. Alifika mapema mchana, amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe, akajipanga karibu na njia ya kuingilia uwanjani. Pikipiki nne za kwanza zikawashwa. Hakimu alikuwa amesikia pikipiki za klabu maisha yake yote, lakini hizi sauti yake haikuingia masikioni, iliingia kifuani. Kamba iliporuka, wale watu waliingia kwenye kona ya kwanza bega kwa bega, wamelala, bila hata mmoja kupunguza chochote, na udongo ukagonga mabati ya uzio mpaka akarudi nyuma hatua mbili. Televisheni ilikuwa imemdanganya. Ilikuwa imeufanya mchezo uwe mdogo, kitu cha kutosha kwenye sanduku. Alijikuta ameshika kifua.

Kinyonga alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hatua kumi kutoka hapo, anafuta miwani. Mwembamba, mvi zimeanza masikioni, mkimya kama mgonjwa anayesubiri kuitwa zahanati. Pembeni yake dada yake, ambaye ndiye fundi wa pikipiki yake, alikuwa anakaza mnyororo. Hakimu aliwatazama kwa kuibia. Moyoni bado alijisemea kuwa breki ni breki.

Kwenye nusu fainali mwendeshaji wa mbele aliteleza akaanguka, Kinyonga akamkwepa, lakini aliyekuwa nyuma yake hakuwahi. Gurudumu lake lilipanda juu ya mguu wa kushoto wa Kinyonga likapita. Kinyonga hakuanguka. Alimaliza wa pili, akafuzu fainali, akarudi kwa dada yake akichechemea. Mguu ulikuwa mzima. Kiatu ndicho kilichopasuka.

Dada yake alikuja nacho mbio mpaka kwa Hakimu. Ufa ulikuwa umeikata soli yote kwa upana, chini ya vidole. Alisema fainali ni baada ya dakika ishirini na tano. Hakimu aliuliza kuhusu kiatu cha akiba. Dada alisema kipo, ila kaka yake hajawahi kukubali kukimbia nacho. Huvaa hiki tu, huu ni mwaka wa saba.

Hakimu alidhani hakusikia vizuri. Mwaka wa saba? Soli za vijana wake wa klabu zilidumu miezi mitatu. Zilirudi zimelika kisigino mpaka chuma kimekuwa chembamba kama kifuniko cha kopo, naye kila mara aliongeza tabaka nene la chuma kisiginoni, akijua watakapokandamiza. Akakigeuza kile kiatu juu chini.

Kisigino kilikuwa kizima. Weusi wa moto wa aliyekitengeneza ulikuwa bado upo. Soli yote ilikuwa nyeusi vilevile, isipokuwa mstari mmoja unaong'aa, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ulioanzia chini ya kidole kikubwa ukashuka hadi katikati ya unyayo. Miaka saba ya kona, sijui maelfu mangapi ya kona, na mtu yule alikuwa ameigusa ardhi kwa upana wa njiti ya kiberiti.

Ufundi ni ushahidi, na Hakimu alijua kusoma chuma kuliko alivyojua kusoma gazeti. Hapakuwa na breki hapa. Hapajawahi kuwa. Ule udongo alioutolea ushahidi miaka kumi na moja ulikuwa wa gurudumu la nyuma, na kamera ndiyo iliyouweka nyuma ya kiatu.

"Anaikanyaga ardhi kweli?" aliuliza.

"Anaigusa," dada alisema. "Anasema ardhi humwambia inateleza kiasi gani. Akiikanyaga, inanyamaza."

Wakati huo watu wa kinyozi walikuwa wameshajaa upande wa pili wa waya, kinyozi mwenyewe mbele, vidole vimeng'ang'ania uzio. Walikiona kiatu, walijua cha nani, na walijua kimeangukia mikono ya nani. Hakimu aliyajua mawazo yao bila kuambiwa. Kiatu kikiachia kwenye kona, mguu utanasa ardhini na pikipiki itaupita, na hakuna atakayeamini kuwa ilikuwa bahati mbaya. Kinyozi alimwita taratibu.

"Shemeji," alisema, "huyo mtu akivunjika, nyumbani kwangu usikanyage."

Hakimu hakuwa anawaogopa wao. Alikuwa anauogopa ule mstari. Yeye alijua kutengeneza kiatu cha mtu anayekandamiza: weka chuma kingi, kiwe kinene, kivumilie. Hapa, uvimbe mdogo kama punje ya mchele ungekuwa kisiki. Mguu uliozoea kugusa kwa upana wa njiti ungejikwaa kwa mwendo wa kuua. Kazi ya miaka ishirini na mbili ilikuwa imemfundisha kuongeza, na sasa aliombwa asiache hata dalili kwamba alipita.

Alikibana kiatu kwenye jiliwa. Aliukwangua ufa mpaka ukawa mweupe, akauchomelea kutoka upande wa ndani, kidogo kidogo, akiacha chuma kipoe kabla ya kukigusa tena kisije kikapinda. Kisha akakigeuza, akajaza upande wa nje kwa mshono mwembamba kuliko wowote aliowahi kuupitisha. Mashine ya kusaga aliitumia kwa sekunde chache, akaiweka chini, akachukua tupa. Alipiga tupa huku amefumba macho, akipima kwa kidole gumba, kwa sababu macho yake alikuwa ameacha kuyaamini.

Zilipobaki dakika nne Kinyonga akaja mwenyewe. Aliketi juu ya sanduku la vyuma na kuunyosha mguu wa kushoto. Hakimu alipiga magoti kwenye udongo, akamvisha kiatu, akakaza mkanda. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemdai neno. Lakini alikuwa na mguu wa mtu mkononi.

"Miaka kumi na moja nimewaambia watu kwamba una breki hapa," alisema. "Nilisema unaogopa."

Kinyonga aliinua mguu, akapitisha kidole gumba juu ya soli, polepole, kwenda na kurudi. Hakuonekana kukasirika.

"Kuogopa naogopa, kila kona," alisema. "Breki ndiyo sina."

Akavaa kofia ya njano, maana kila mmoja wa wale wanne hupewa rangi yake, akaondoka.

Hakimu hakubaki kwenye mashine yake. Alikwenda kusimama kwenye uzio, na upande wa pili wa waya kinyozi akasogea mpaka wakawa bega kwa bega, waya katikati. Kamba iliruka. Mwekundu, wa buluu na mweupe wakaondoka, na wa njano, kama kawaida yake, akawa wa mwisho. Mtu mmoja jukwaani alicheka. Siku nyingine angekuwa Hakimu.

Mzunguko wa kwanza Kinyonga alikwenda nje kabisa, na Hakimu hakutazama pikipiki wala kofia. Alitazama mguu. Ulikuwa mbele, umenyooka, chini sana, na safari hii, akiwa hatua tano tu kutoka pale, aliona kitu ambacho kamera haikuwahi kumwonyesha: kati ya kiatu na ardhi kulikuwa na mwanga. Ulipotea, ukarudi, ukapotea tena. Mtu yule alikuwa anaipapasa ardhi katika mwendo ambao wengine hawathubutu hata kupumua. Mzunguko wa pili akampita mweupe. Wa tatu akampita wa buluu pembeni mwa uzio, karibu kiasi kwamba mabati yalilia, na Hakimu akasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni yeye. Kona ya mwisho Kinyonga na mwekundu waliingia pamoja, wakatoka pamoja, wakauvuka mstari pamoja. Mwekundu alishinda kwa nusu ya gurudumu.

Hakimu alijikuta analia. Si kwa kushindwa. Alilia kwa sababu kitu kikubwa namna ile kilikuwa kimepita mbele ya macho yake kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, naye alikuwa anakitukana huku ameweka miguu juu ya kigoda.

Kinyonga alirudi kwa miguu yake miwili. Dada yake alikivua kiatu na, bila kuombwa, akakileta. Hakimu akakigeuza. Alama zake za tupa zilikuwa zimefutika sehemu moja tu. Ule mstari unaong'aa ulitoka chini ya kidole kikubwa, ukafika kwenye mshono wake, ukauvuka, ukaendelea, mwembamba vilevile, umenyooka vilevile. Alipitisha ukucha juu yake mara tatu, na mara zote tatu hakuweza kujua ni wapi kazi yake ilianzia.

"Hakimu," kinyozi alimwita kutoka kwenye waya. "Haya, toa hukumu."

Watu wote wa kiti cha kunyolea wakasogea kwenye waya. Hakimu alimwomba mlinzi amfungulie shemeji yake geti. Kinyozi alipoingia, alimwekea kiatu mikononi, soli juu, kikiwa bado na joto.

"Sina," alisema. "Shika uone mwenyewe."