Jumapili Anaanza Nani

Msimu ule Wafuachuma wa Port Halden walifungwa mechi baada ya mechi, mpaka watu wa mji wakaacha kuulizana timu imefungwaje, wakabaki na swali moja tu: Jumapili anaanza nani?

Swali hilo lilimfuata Russ Hallenbeck dukani, kanisani, hata kwa daktari wa meno, na katika mji mzima hakuna aliyekuwa na hamu ndogo ya kulijibu kama yeye. Russ alikuwa mrushaji wa akiba. Katika mchezo wao, futiboli ya Kimarekani, mrushaji ndiye roho ya timu. Kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Yeye ndiye anayeamua mpira aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao, na anaamua hayo huku majitu ya upande wa pili yakimjia mbio kumbwaga chini. Russ alikuwa analipwa ili asicheze. Alikaa benchi, akamsaidia mwenye namba kuusoma mchezo, akangoja siku mwenzake atakapoumia. Kazi hiyo alikwisha kuifanya katika timu nyingi, Kanada na Marekani, na sasa kwa kuwa wenzake walimwita mzee wala hawakuwa wanatania, aliiona kazi nzuri. Goti lake la kushoto lilijua mvua inakuja kabla ya watabiri wa hali ya hewa.

Mwenye namba alikuwa Tavion Mabry, kijana wa Louisiana, mrefu, mpole, mwenye mkono ambao Mungu hakuwapa wengi. Mwaka wake wa kwanza aliutikisa mji. Watoto wakanyoa kama yeye. Mwaka wa pili kitu kikamwingia ambacho madaktari hawakukiona kwenye picha zao, maana mkono ulikuwa mzima na miguu ilikuwa mizima. Aliung'ang'ania mpira mpaka akabwagwa nao, au aliurusha mapema kama mtu aliyeshika kaa la moto, na mara nyingi aliyeudaka alikuwa mpinzani.

Jumatatu walikaa katika chumba cha picha kuitazama mechi waliyofungwa jana yake. Kocha Brill alisimamisha picha. Pale ukutani Tavion alikuwa ameganda na mpira mkononi, na mbali mbele yake mchezaji wa Wafuachuma alikuwa peke yake, mikono juu, akiomba mpira kama mtu anayesimamisha gari barabarani.

"Unamwona?" Brill akauliza.

"Namwona sasa," Tavion akajibu.

"Na wakati ule?"

"Wakati ule niliona mikono tu, kocha. Mikono inayonijia."

Hakuna aliyecheka. Kwenye viti vya nyuma mmoja wa walinzi wake, watu wanene wanaosimama mbele yake kumkinga, alishusha pumzi ndefu. Russ alitazama viatu vyake. Aliijua mikono ile. Kila mrushaji huiona siku moja, na wengine hawaachi kuiona tena.

Brill alikuwa mtu mwema ambaye hakuwa amezaliwa kuamua. Waandishi walipomuuliza mchana ule nani ataanza, alisema wataona wiki itakavyokwenda. Walipomuuliza tena, akasema kila mtu atapata nafasi ya kujionyesha mazoezini. Redioni wakaupigia kura uamuzi wake, na Russ akashinda kwa mbali sana.

Asubuhi ya Jumanne Russ alipita kwa Marge, mama mwenye duka la mikate, kununua mkate wa shayiri. Marge akamwekea na donati juu yake.

"Jumapili, Russ. Tunakungoja wewe."

"Marge, mimi sijacheza mechi nzima tangu mjukuu wako hajazaliwa."

"Ndiyo maana tunakupenda. Hujatukosea hata siku moja."

Russ alicheka, lakini garini aliacha kucheka. Kipya kinyemi, hata kikiwa kikuukuu kilichofichwa stoo. Hakuwa bora kuliko kijana yule. Hata alipokuwa na umri wake hakuwa bora. Alikuwa anapendwa kwa sababu hakuna aliyemwona.

Jumatano jioni, mkewe Corinne alikuwa anaepua sufuria la supu ya nyama na maharage, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Tavion, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi.

"Samahani, mama. Mzee yupo?"

"Yupo. Vua viatu, kaa, unakula," Corinne akasema, naye alikwisha kuongeza sahani.

Kijana alikula sahani nzima. Alipomaliza, Corinne aliwatazama wote wawili, akasema ana nguo za kukunja ghorofani, akapanda.

"Brill amekuuliza?" Tavion akaanza.

"Bado."

"Atakuuliza. Nataka ukubali."

Russ aliweka kijiko. Alikuwa amejitayarisha kwa lawama, hata kwa ugomvi. Alikwisha kuona katika timu nyingine watu wawili wakigombea namba moja mpaka wasisalimiane.

"Hivyo ndivyo unavyotaka kupoteza namba? Kwa kunibishia hodi?"

"Nimechoka, mzee," Tavion akasema. Sauti yake haikuwa na machozi wala hasira. "Naamka nimechoka. Mama ananipigia simu, nasikia kwenye sauti yake kwamba amesoma waliyoyaandika. Nikiingia pale uwanjani nawasikia wanaanza kuzomea kabla sijagusa mpira. Halafu naiona ile mikono. Nikipata Jumapili moja tu ya kukaa chini."

"Unajua mimi nina mbavu za mzee wa kanisa? Unajua mara ya mwisho nilipobwagwa sawasawa nilivaa soksi kwa msaada wa huyo mama aliye juu?"

"Najua."

"Na unajua ukikaa leo huenda wasikuinue tena. Brill hajui kuinua mtu. Anajua kungoja tu."

"Hilo pia najua." Tavion alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza Russ kuliona tangu majani yaanze kuanguka. "Lakini wewe si ulisema kazi yako ni kunisaidia?"

"Nilisema kukusaidia. Sikusema kufa."

Wakacheka wote, cheko fupi la watu waliochoka. Kijana alipoondoka, Corinne alishuka na kapu la nguo mkononi.

"Utakubali," akasema.

"Sitaki."

"Sikusema unataka."

Ijumaa baada ya mazoezi Brill alimwita ofisini. Alizunguka mbuyu kwanza, akazungumzia upepo wa ziwani, akazungumzia ulinzi wa wapinzani, akasema uongozi unampigia simu, mashabiki wamepandisha mori, na yeye mwenyewe hapati usingizi. Russ alimngoja. Mwishowe akamhurumia.

"Nitaanza mimi," akasema. "Ila kijana usimwambie umempokonya namba. Mwambie umempumzisha."

"Tofauti yake nini?"

"Kwako hakuna. Kwake ipo."

Brill aliandika jambo kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, uso umemlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Russ alitoka akijua ni nani aliyetwishwa.

Jumapili kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Jina la Russ lilipotangazwa uwanja ulinguruma, akaona watu wazima wakikumbatiana. Jamaa mmoja nyuma ya benchi alikuwa na bango lenye jina lake, herufi kubwa za rangi ya chungwa. Na shambulizi la kwanza lilikwenda vizuri ajabu. Russ alirusha mipira mifupi, ya salama, ya kizee. Wenzake wakaidaka, wakasogea hatua kwa hatua, wakauvuka mstari wa mwisho. Watu waliimba. Kwa muda mfupi hata yeye alishawishika kuwaamini.

Lakini wapinzani hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mkono wa mzee haufiki mbali, wakajongea karibu, wakaziba njia zote fupi. Mpira ukanaswa. Shambulizi lililofuata alibwagwa na jitu lililomwangukia mbavuni, akabaki ameinama akitafuta pumzi. Mpira mwingine ukanaswa. Baada ya mapumziko uwanja ulianza kunung'unika, na katika robo ya tatu wakamzomea. Russ aligeuka bila kukusudia, akamwona yule jamaa wa bango analikunja taratibu na kulisukuma chini ya kiti.

Kila aliporudi benchi, Tavion alikuwa amemwekea nafasi na blanketi.

"Yule mpinzani wa katikati anakusoma macho," kijana akamwambia. "Ukitazama kulia tu, amekwisha kwenda kulia. Mtazamishe kulia halafu rusha nyuma yake. Kule nyuma hakuna mtu, mzee. Tangu mwanzo hakuna mtu."

Russ alimtazama. Kijana alikuwa anaegemea mbele, viwiko magotini, macho yanatembea uwanja mzima kama zamani.

"Unaona yote hayo kutoka hapa?"

"Kutoka hapa ni rahisi."

"Nilikuwa nakaa hapa, nikasema hivyo hivyo," Russ akasema huku akijishika mbavu. "Kule nyuma yake nimepaona. Mkono wangu ndio haupafiki."

Robo ya nne ilipoanza, sauti ilitoka upande wa jukwaa la kaskazini, kwanza watu wachache, kisha jukwaa zima. Walikuwa wanaita Mabry. Mabry, Mabry, wakipiga miguu. Wale wale. Tavion aliinua kichwa kana kwamba ameitwa na mtu asiyemjua. Russ alicheka mpaka mbavu zikamkataza.

"Wasikie hao," akasema. "Wiki moja tu nimewatosha."

Brill alikuja akitembea pembeni ya mstari, vipokea sauti shingoni. "Tavion. Uko tayari kuingia?"

"Unaniuliza wewe," Tavion akasema, "au wananiuliza wao?"

Brill alitazama jukwaa, akatazama ubao wa mabao, akamtazama Russ. Russ hakumsaidia.

"Mimi," Brill akasema mwishowe.

Tavion alisimama. Hakuvaa helmeti mara moja. Aliinama kwanza akalifunga vizuri blanketi mabegani mwa Russ, kisha akaivaa na kukimbilia uwanjani. Mpira wa kwanza tu alibwagwa nao, kishindo kikasikika mpaka benchi, na uwanja mzima ukashusha pumzi pamoja. Russ alijikuta amesimama. Kijana alilala pale kidogo. Kisha akainuka, akajipangusa nyasi, akawaita walinzi wake wakaja kumzunguka. Russ hakusikia alichowaambia. Mpira uliofuata alitazama kulia, akakaa na macho yake kulia huku mikono ikimjia, akaurusha kushoto, mbali, nyuma ya yule wa katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu mpaka mchezaji wa Wafuachuma akafika. Wakafunga.

Hawakushinda. Walikaribia, dakika zikaisha, na mpira wa mwisho wa Tavion ulianguka chini bila mwenyewe. Hakuna aliyezomea wala aliyeshangilia. Baridi ilikuwa kali na watu walitaka kufika majumbani kwao.

Katika chumba cha matibabu Russ alilazwa kitandani, mifuko ya barafu imezungushwa kifuani. Tavion aliketi kwenye kigoda karibu yake, damu kidogo imekauka puani.

"Uliiona?" Russ akauliza. "Mikono?"

"Niliiona." Kijana alifikiri. "Ilikuwepo yote. Nikaona na vitu vingine."

"Haitaondoka. Mimi niliacha kugombea namba kwa sababu ya mikono hiyo, ukitaka kujua. Nikajiita mshauri, nikakaa benchi, watu wakasema nina hekima."

Tavion aliurudisha mahali pake mfuko mmoja wa barafu uliokuwa umeteleza. Alikuwa bado amekaa pale Brill alipoingiza kichwa mlangoni.

"Mmejitahidi wote wawili," Brill akasema. "Kesho tutakaa, tutazame picha, halafu kuhusu Jumapili ijayo tutaona wiki itakavyo..."

"Kocha," Tavion akamkatiza, taratibu, kwa heshima ya watu wa kwao. "Jumapili naanza mimi. Wakizomea wazomee. Kama hutaki, niambie sasa hivi, ila usinifanye nikae wiki nzima nikingoja jibu. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kubwagwa."

Brill alimgeukia Russ kama mtu anayetafuta mlango wa pili. Russ alifumba macho.

"Basi," Brill akasema. "Unaanza."

Akafunga mlango, wakasikia hatua zake zikienda polepole ukumbini, na hapo Tavion akauegemeza mgongo ukutani na kulala usingizi palepale alipoketi, mdomo wazi.

Wafuachuma walimaliza msimu wakiwa karibu na mkia. Walishinda mara chache, wakafungwa mara nyingi zaidi, na Tavion alianza kila mechi. Zipo Jumapili alizozomewa, na zipo alizobebwa. Brill alifukuzwa kabla ya Krismasi, na watu waliomwona siku ile walisema hajawahi kuonekana mwenye furaha vile. Mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka, Russ alitangaza kustaafu. Habari yake ikapewa mistari michache chini ya matokeo ya magongo ya barafuni. Tavion alimpigia simu jioni hiyo kuuliza hali ya mbavu. Russ akamwambia zimepona, ila bado anaogopa kupiga chafya.