Pale Davida Linapoishia

Jicho la kulia la bibi Irja, shangazi wa baba yangu, lilikuwa limeshapofuka, na daktari alisema la kushoto halitafika kiangazi. Kwa hiyo alasiri ile ya Desemba ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mara nane alikuwa amengoja asteroidi, jiwe linalozunguka jua, ipite mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde chache. Mara nane mawingu yakamdhulumu.

Safari hii lilikuwa Davida, jiwe lenye upana wa karibu kilomita mia tatu. Watazamaji walipangwa kukatiza njia ya kivuli chake, ili vipimo vyao vikiunganishwa vichore umbo lake. Mratibu alimpa bibi kituo cha Oulu, katikati kabisa, ambako nyota ingezimika bila shaka. Akakataa. Kule Kuhmo, karibu na mpaka wa Urusi, kwenye ukingo wa kivuli, hapakuwa na mtu.

Njiani nilimwambia huenda asione kitu. Akanijibu kwamba chuo kikuu kimenifundisha mengi, isipokuwa kunyamaza na kuendesha gari.

Saa kumi na nusu giza la majira ya baridi ya kaskazini lilikuwa limeshatanda, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Tuliweka darubini zetu mbili juu ya ziwa lililoganda, redio ikilia kila sekunde kupima wakati, kinasa sauti kimewashwa. Kazi ya bibi ilikuwa kutamka neno moja tu nyota ikipotea.

Wakati uliotabiriwa ukafika, ukapita. Nilisikia redio na pumzi zake, basi.

"Bibi," nikasema mwishowe, "kwenye darubini yangu ndogo niliona kama imepotea kidogo. Tuandike nusu sekunde?"

"Machozi yalikuwa yanakutoka?"

"Ndiyo. Hii baridi."

"Basi ni kope zako zilizoizima, mjukuu wangu. Andika: haikuzimika."

Niliandika huku nalia, na safari hii si kwa baridi.

Januari mchoro ukaja, kila kituo kikiwa mstari wenye pengo pale nyota ilipozimika. Kituo jirani, kilomita chache upande wa Oulu, kiliona nyota ikizimika kwa sekunde tatu. Mstari wetu ulipita kando yake ukiwa mzima, hauna pengo. Bibi akainama na lenzi, pua ikigusa karatasi, akaweka kidole kati ya mistari ile miwili.

"Linaishia hapa," akasema. "Bila sisi wangelichora hadi Urusi."

Kisha akauliza lingine linapita lini. Nianze kuzoeza macho yangu, akasema; yeye atashika redio.