Supu ya Utumbo kule Hagsätra

Boniface alikuwa na namna yake ya kuvua koti. Alilivua polepole, kama askofu anayevuliwa joho, kisha akalishika kwa vidole viwili akingoja mtu wa kulipokea. Katika mgahawa wa Pani Leokadia hapakuwa na mtu wa kupokea makoti. Palikuwa na misumari ukutani. Boniface akaitazama ile misumari, akanitazama mimi, mwishowe akalikunja koti lake na kulikalia.

"Kumbe ndiyo hapa," alisema.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari 1974, saa saba mchana, baridi ya kukata masikio. Petroli ilikuwa ya mgao mwezi ule na nchi nzima ilikuwa imenuna. Tulikuwa tumepanda treni mpaka kituo cha mwisho, Hagsätra, na njia nzima Boniface alinieleza kwamba watu wenye akili zao hawali chakula kwenye vituo vya mwisho.

Alikuwa mchumba wangu. Nasema hivyo leo kama mtu anavyotaja ugonjwa aliopona. Sote wawili ni watu wa Bukoba. Yeye alifika Stockholm mwaka 1969 kusoma chuo kikuu, mimi nikafika miaka miwili baadaye kusomea uuguzi, na kabla sijazoea hata kuvaa soksi mbili, barua zilikuwa zimeshapishana kati ya baba yangu na baba yake. Nyumbani walimwita "Daktari" wakati tasnifu yake haijafika hata nusu. Ilihusu mkulima mdogo na nafasi yake katika maendeleo. Boniface aliweza kuzungumza juu ya mkulima mdogo saa tatu mfululizo bila kunywa maji. Katika miaka yote niliyomfahamu sikumwona akishika jembe, wala akisalimiana na mtu aliyelishika.

Tulikwenda Hagsätra kwa ajili ya mzee mmoja aliyeitwa Samwiri. Alikuwa Mganda wa Masaka, na Boniface alisoma kwake miaka minne, kwa sababu wakati ule watu wengi wa kwetu walivuka mpaka kutafuta shule. Samwiri ndiye aliyemfundisha Kiingereza, akamlaza nyumbani kwake alipougua surua, akaandika barua iliyompeleka mbele. Boniface mwenyewe alinisimulia hayo, tena kwa machozi, siku alipopata habari kwamba Mwalimu wake amekimbia Uganda na amefika Sweden. Walizungumza kwa simu mara mbili. Boniface akamwomba awe msimamizi wetu wa harusi, na mzee akakubali.

"Mje Jumamosi pale kwa Mpolandi," alimwambia. "Mimi nipo pale kila Jumamosi."

Boniface akaelewa kwamba mzee hula pale. Alijaribu kumshawishi tukutane mjini, mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Mzee akakataa.

Basi tuliketi. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua, kimechubuka pembeni. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria mwenye uso mweusi, na makovu mawili shavuni. Nilifanya ishara ya msalaba. Boniface akaanza kunieleza kwamba weusi ule ni moshi wa mishumaa ya karne nyingi, nisije nikadhani vingine. Sikuwa nimedhani lolote. Nilikuwa nimesali tu.

Pani Leokadia alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Wateja wote walimwita hivyo, "Pani", ndiyo "Bibi" ya kwao. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mikono imepasuka kwa maji ya moto, macho ya mtu aliyewahi kusahihisha madaftari. Baadaye nilijua kwamba Warszawa alifundisha kemia, na kwamba mumewe alifukuzwa kazi kwa sababu ya ukoo wake wa Kiyahudi, wakaondoka na sanduku moja kila mtu.

"Leo kuna kabichi ya kuchacha na soseji," alisema kwa Kiswidi kilichovunjika kama changu. "Kuna pierogi, vile vya unga vyenye viazi ndani. Na kuna supu ya utumbo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikagusa tumbo langu, nikamwonyesha. Akacheka, akatikisa kichwa: ndiyo, wa ng'ombe. Miaka mitatu nilikuwa sijaonja utumbo. Waswidi niliofanya nao kazi wangeita polisi. Nikamwambia aniletee bakuli kubwa.

"Clementina," Boniface alisema kwa sauti ya chini, "hatukuja hapa kula matumbo."

"Mimi nimekuja kula."

"Watu wa hapa wakikuona wataamini yote wanayoyasoma juu yetu."

Nikatazama pande zote. Watu wa hapa walikuwa wazee wawili wa Kipolandi wakicheza karata, na dereva wa basi aliyekuwa ametumbukiza uso wake mzima katika bakuli la matumbo hayo hayo. Boniface akaagiza kahawa. Aliiagiza kwa kupiga vidole, *ta, ta,* ilhali mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni pake.

Saa saba na nusu akaanza kutazama saa yake. "Mwalimu hajawahi kuchelewa," alisema.

Ndipo mlango wa jikoni ukasukumwa kwa bega, akatoka mzee mrefu, mwembamba, kichwa cheupe, amevaa aproni yenye maji mpaka kifuani. Mkono mmoja ameshika bakuli langu, mwingine kikapu cha mkate mweusi. Akaviweka mezani, akajifuta, akamshika Boniface bega.

"Boniface, mwanangu. Umekuwa mtu mzima kabisa."

Juma zima alifanya kazi ghalani Jordbro, akipanga makasha, na Jumamosi alimenya viazi na kuosha vyombo kwa Pani Leokadia. Alitueleza hayo palepale, bila haya, kama mtu anayeeleza ratiba ya masomo. Akasema atamaliza sufuria mbili kisha atakuja kukaa nasi. Akanigeukia, akanipa mkono wake wenye unyevu.

"Na huyu ndiye binti yangu. Karibu sana. Kula, usiache ipoe."

Nilimwamkia. Boniface hakuinuka kitini. Alitabasamu kwa mdomo tu, na jicho lake likashuka toka kwenye kichwa cheupe mpaka kwenye aproni, likabaki pale.

Laiti ingekuwa hayo tu, huenda ningeolewa. Mwanamke husamehe mengi mno.

Lakini mlango wa nje ukafunguliwa, baridi ikaingia, na pamoja nayo Mswidi mmoja kijana mwenye ndevu, na mkewe. Waliishi katika majengo mapya ya pale Hagsätra. Yule kijana alikuwa mwenzake Boniface idarani.

"Boniface! Wewe, huku kwetu?"

Sasa Boniface aliinuka. Aliinuka upesi hata kahawa ikamwagika. Akanitambulisha. Wakazungumza juu ya baridi na petroli. Mzee Samwiri alikuwa bado amesimama, mkono wake haukuwa tena begani kwa mtu, akingoja kama mtu mwenye adabu anavyongoja kutambulishwa. Yule Mswidi akamtazama, akauliza kwa wema kabisa:

"Na huyu? Mnafahamiana?"

Boniface akacheka. Mpaka leo nikitaka naweza kukisikia kile kicheko, chepesi, kikavu.

"Hapana, hapana. Ni mtu wa jikoni. Unajua, Waafrika hudhani wote wanafahamiana."

Mzee Samwiri alikuwa na miezi mitano tu Sweden, lakini Kiswidi cha kukataliwa, mtu hukijua kabla ya kingine. Aliokota kijiko changu kilichokuwa kimedondoka, akakifuta, akakiweka kando ya bakuli, akageuka kurudi jikoni.

Nilisema kwa Kiswidi, kwa sauti ile ninayoitumia kwa wagonjwa wasiosikia vizuri: "Huyu ni mwalimu wake. Amemfundisha miaka minne. Amemuuguza. Ndiye atakayesimamia harusi yetu, na ndiye aliyetualika hapa."

Hata karata zilinyamaza. Uso wa yule Mswidi ukawa mwekundu mpaka ndani ya ndevu. Nilimheshimu kwa jambo moja: alimfuata mzee hadi mlango wa jikoni, akampa mkono, akataja jina lake. Mkewe naye vivyo hivyo. Boniface alichukua koti lake kitini, limekunjamana kama kitambaa cha kupigia deki, akatoka bila kufunga vifungo.

Pani Leokadia aliniuliza kimetokea nini. Nikamweleza kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Akamtazama Samwiri, akatazama mlango.

"Kwetu tulikuwa na wengi kama hao," alisema. "Ghorofa moja, miaka kumi na miwili. Siku moja wakasahau majina yetu." Akaichukua supu yangu kwenda kuipasha moto.

Nilitegemea Mwalimu atanishukuru. Nilikuwa nimeshajitayarisha kusema si kitu. Akaja akaketi mbele yangu, akavua aproni, akaikunja vizuri mapajani.

"Umemwaibisha mbele ya wenzake," alisema.

"Yeye ndiye aliyekuaibisha wewe, Mwalimu."

"Mimi nimekwisha kuona aibu kubwa kuliko hiyo, nayo ilikuwa na bunduki. Huyu ni mtoto ameogopa." Alinitazama kwa makini, nikahisi kama nimeitwa ubaoni. "Na wewe, binti yangu, hukusema kwa ajili yangu. Ulikuwa umemchoka zamani. Unamdharau tangu lini?"

Kweli, hata njiani, wakati akinihubiria juu ya vituo vya mwisho, nilikuwa nikihesabu vitu nisivyovipenda kwake na nilikuwa nimefikia vingi.

"Nenda kamwite," alisema. "Mwambie Mwalimu anamwita."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu mtu wa namna ile akikutuma huwezi kukataa, na kwa sababu, nikiri, nilitaka kumwona Boniface akijuta. Nilimkuta jukwaani kituoni, ameinua kola, anatazama reli. Nikasimama karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa kumpa nafasi. Angesema neno moja tu, hata "nimekosa", hata "sijui kilichonipata", ningemshika mkono turudi.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema urudi. Hana hasira."

"Nani?"

"Mwalimu."

"Si Mwalimu! Namuulizia yule mwenzangu. Amesema nini baada ya mimi kutoka? Amecheka?"

Nikamtazama. Pua yake ilikuwa inavuja kwa baridi na hakuwa na habari.

"Unajua mwezi ujao wanachagua msaidizi wa idara?" aliendelea. "Unajua yeye yumo katika kamati? Na wewe unasimama pale na bakuli la matumbo unapiga kelele kama uko gulioni!"

"Boniface, sitaolewa nawe."

Aliacha kutazama reli. Kisha, kwa mshangao wa kweli: "Kwa sababu ya utumbo?"

"Ndiyo," nilisema. "Kwa sababu ya utumbo."

Treni ikaja tupu, kwa kuwa huanzia pale. Akaingia, akachagua kiti cha dirishani, akafungua gazeti. Sikungoja iondoke.

Niliporudi nilimwambia Mwalimu kwamba nimekuta treni imeshaondoka. Ni uongo wa kwanza niliomwambia, na naamini aliutambua. Tulikula pamoja. Supu ilikuwa na viungo vya majani makavu nisivyovijua na pilipili kidogo mno, lakini utumbo ulikuwa umesafishwa na mtu aliyejua kazi yake.

Nyumbani kulikuwa na kilio. Baba aliandika kwamba rubisi ya wakwe, pombe ile ya ndizi, imeshanywewa na kijiji kizima, na rubisi ikishanywewa hairudi, basi yeye alirudishe vipi neno alilowapa? Mama aliongeza mstari mmoja chini, kwa penseli: alikupiga? Nikawaandikia kwamba hakunipiga, na kwamba sitarudi nyuma. Ilichukua mwaka na nusu baba kuniandikia tena, na alipoandika alizungumzia migomba tu.

Boniface alipata ile nafasi ya idarani. Dunia haina haya. Mwaka 1976 alioa, mwalimu wa chekechea kutoka Moshi aliyeitwa Theresia, binti mpole ambaye nilimwonea huruma bila kumjua. Akapeleka kadi za mwaliko kwa Watanzania wote wa Stockholm na Waganda nusu. Mimi sikuletewa. Mwalimu Samwiri aliletewa.

Naye akaenda. Alivaa suti aliyokimbia nayo, akabadilisha treni mara mbili, akakaa kanisani benchi la nyuma, na baadaye ukumbini akasimama kwenye mstari wa kupongeza kama kila mtu. Nilipopata habari nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia Boniface. Nilimfuata jikoni kwa Pani Leokadia, maji ya viazi mpaka viatuni, nikamuuliza alikwenda kutafuta nini.

"Nilialikwa," alisema.

"Je, alikutambulisha kwa mtu?"

Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, jembamba, halikatiki.

"Alinipa mkono," alisema. "Ulikuwa umelowa jasho. Hebu nisogezee hiyo ndoo."

Nikamsogezea.