Jino la Hedimasta

Siku tuliyomuaga daktari wetu wa meno, baba yake alihutubia kwa dakika arobaini. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani ya ukumbi wa shule, maana nilikuwa nimesimama karibu na mlango na viatu vyangu vipya vilikuwa vinanimaliza. Baba huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mji mzima ulimwita Hedimasta, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha herufi moja. Alishika maikrofoni kama anayeshika chaki, akatuambia kwamba mtoto akisoma mpaka akaitwa ng'ambo, mzazi amefaulu mtihani wake wa mwisho.

"Wangapi hapa wana mtoto ng'ambo?" akauliza. Mikono ikanyanyuka. "Wangapi wanatamani?" Ukumbi mzima ukawa mikono mitupu. Hata katibu wa hospitali, aliyekuwa anampoteza daktari wake wa meno wa pekee, alinyanyua wa kwake.

Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari huyo, chumba namba nne, kwa miaka mitano. Nilichemsha vyombo, nilishika taa, nilisafisha meno yenye ukoko, niliwashika mikono waoga. Watu waliniita Dada wa Meno. Yeye tulimwita Daktari Pole, kwa kuwa hakugusa kinywa cha mtu bila kusema "pole" kwanza, na wakati mwingine alisema akiwa bado anasoma kadi. Sherehe ilipokwisha alinikumbatia, akanikabidhi ufunguo wa chumba.

"Wataleta mwingine," akasema. "Wamesema mwezi ujao."

Tukatazamana, tukaangua kicheko wote wawili. Tulikuwa tunawajua.

Mwezi ujao ulikuja, ukapita, ukafuatwa na mwenzake. Nilibandika karatasi mlangoni: DAKTARI HAYUPO. KUSAFISHA MENO NA USHAURI TU. Watu wakawa wanakuja kwa ushauri, na ushauri wangu ulikuwa ule ule kwa kila mtu: sukutua kwa maji ya chumvi, meza vidonge hivi, nenda hospitali kubwa. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa tano kwa basi. Wachache walikwenda. Wengi walifunga kitambaa shavuni, wakarudi nyumbani kusubiri jino lichoke lenyewe.

Wiki ya tisa, Jumanne asubuhi, akaja Hedimasta. Uso wake upande wa kulia ulikuwa umevimba kama mtu aliyeficha chungwa. Kwenye benchi alimkuta fundi cherehani mmoja, mama mwenye maneno yake, kajifunga mtandio kuanzia kidevuni hadi utosini.

"Hee, Hedimasta! Na wewe umekuja kwa ushauri?"

Hedimasta akaitikia kwa kichwa.

"Siku ile nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma," mama akasema. "Sasa kinauma kingine."

Benchi zima likacheka, kila mmoja kashika shavu lake. Hedimasta akasogea pembeni kabisa, akakaa.

Zamu yake ilipofika nikamulika. Gego la chini, la nyuma kabisa, limeoza hadi mzizini, na usaha umeshaanza kukusanyika kwenye fizi.

"Ng'oa," akaniamuru.

"Siruhusiwi, Hedimasta. Hata sindano ya ganzi siruhusiwi kuchoma."

"Umemwona mwanangu akifanya mara ngapi?"

"Mara nyingi mno. Na dereva wa basi nimemwona tangu nikiwa mdogo, lakini basi siendeshi."

Akanung'unika, akatoa simu, akampigia bintiye kwa video. Daktari Pole akatokea kwenye kioo, nywele kazifunga nyuma.

"Pole, baba. Fungua mdomo. Hapana, hiyo ni pua. Shusha. Hilo sasa ni sikio, baba. Dada, hebu mshikie wewe simu."

Nikashika. Alipokuwa anatazama, mimi huku nikaanza kuona yaliyokuwa nyuma yake: sinki refu, na juu yake vikombe vidogo vimepangwa safu, kila kimoja kimebandikwa jina. Ndani ya kila kikombe mlikuwa na meno. Sauti ya kizee ikaita kutoka mahali fulani, naye akageuka kuitikia. Alikuwa amevaa aproni ya plastiki.

Hedimasta akaninyang'anya simu. "Hiyo ni kliniki gani? Mbona umevaa aproni?"

"Ni nyumba ya wazee, baba."

"Unawatibu?"

"Nawaogesha. Nawalisha. Vyeti vyangu bado vinakaguliwa, halafu kuna mtihani wao." Akajaribu kucheka. "Ila meno hayajanitupa. Asubuhi hii nimesafisha ya bandia seti ishirini na sita, na hakuna hata moja lililopiga kelele."

Mimi nilicheka, ndivyo nilivyo. Hedimasta hakucheka.

"Miezi miwili unanitumia picha za jengo."

"Jengo ni zuri, baba."

Kisha akaniita mimi, na sauti yake ikawa ile ya kazini. "Dada, kesho mpeleke hospitali kubwa. Usaha huo si wa kusubiri. Na usithubutu kumng'oa, hata akikuambia wewe ni mwanafunzi bora."

Siku iliyofuata tulikuta watu zaidi ya sitini nje ya kliniki ya meno ya hospitali kubwa, na daktari mmoja ndani. Benchi zilikuwa zimejaa, wengine wamekaa chini, na kila mlango ulipofunguliwa watu walisukumana. Hapo kwenye kusukumana nilimsikia mama mmoja akimweleza jirani yake kwamba mwanawe ni mhandisi wa maji, yuko ng'ambo, anasifiwa sana huko.

"Na maji kwenu yanatoka?" jirani akamuuliza.

"Tangu mwaka jana bomba limepasuka. Hakuna wa kuliziba."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama anayeeleza hali ya hewa. Nikamtupia jicho Hedimasta. Alikuwa anawatazama wale watu wanaosukumana, na misuli ya shingo imemsimama. Fujo hakuwahi kuivumilia maishani mwake. Akajikongoja akasimama, akapiga makofi mara tatu, na watu sitini wazima na akili zao wakanyamaza kama darasa la kwanza. Ndani ya dakika kumi waliovimba walikuwa mbele, wenye watoto wakafuata, wa kuziba na kusafisha nyuma. Yeye akajiweka wa mwisho kati ya waliovimba. Nilipomwambia ana haki ya kukaa mbele zaidi, alinikazia macho.

Daktari alikuwa kijana mrefu, mgongo umeinama kwa kazi. Tulimbatiza Mrefu hapo hapo. Alimchoma Hedimasta ganzi, akatuambia tusubiri kidogo ishike. Mezani pake kulikuwa na fomu ndefu, na juu ya fomu picha nne ndogo za pasipoti. Niliziona. Hedimasta naye aliziona.

"Unathafiri?" akauliza. Ulimi ulikuwa umeanza kulala.

"Baada ya miezi mitatu, mzee."

"Uthiondoke, mwanangu. Thikiliza. Watu wanakutegemea thana." Mate yakamchuruzika kidevuni, nikamfuta. "Hawa wote thithini, nani atawathaidia?"

Mrefu hakucheka, ingawa mimi nilikuwa nimeuma mdomo. Alivuta kiti chake karibu.

"Mzee, nina miaka minne hapa. Nimeomba mwenzangu mmoja tu tugawane kazi. Mwaka jana mgongo ulinilaza siku tatu. Niliporudi nikaambiwa kuna baba mmoja amefariki kwa jipu la jino. Jino, mzee. Alikuja siku zote tatu, akakuta mlango umefungwa." Akavaa glavu. "Wewe ungekuwa na mtoto katika hali hii, ungemwambia abaki?"

Hedimasta akatazama dari.

"Thijui," akasema.

Jino likatoka kwa mkono mmoja wa Mrefu na magoti mawili aliyoyakaza kitini, jeusi lenye mizizi kama ya karoti mbovu.

Wakati wa kurudi alikuwa ameng'ata pamba, hawezi kuongea, akawa ananiandikia kwenye daftari. Swali la kwanza: *Hisabati ulipata ngapi?* Nikamwambia. Akaandika: *Aibu.* La pili: *Fizikia?* Nikamwambia. Hilo hakuliandikia kitu, alinitazama tu kwa huruma. La tatu halikuwa swali, lilichukua ukurasa mzima. Kulikuwa na kozi ya utabibu wa meno, miaka mitatu, ukihitimu unaruhusiwa kuchoma ganzi na kung'oa. Mtihani wa kuingia ulikuwa baada ya miezi minane, naye angenifundisha mwenyewe.

Nilicheka, nikidhani ni ganzi inayoandika. Kesho yake saa kumi jioni alikuwa chumba namba nne na ubao mdogo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa, yeye akasimama pembeni, na kila nilipokosea alibonyeza kikanyagio cha kiti, kiti kikalala, nikajibu swali linalofuata nikiwa nimetazama taa. Asubuhi aliandika barua. Aliiomba hospitali iniruhusu nikasome. Nitakaporudi tuwe matabibu wawili, asiachwe mtu peke yake. Alizipeleka kwa mkono, na majibu ya katibu yakiwa na kosa la sarufi aliyarudisha na wino mwekundu. Katibu alijificha stoo mara mbili. Mara ya pili tulimsahau humo mpaka mchana.

Nilifaulu. Miaka mitatu niliyokuwa chuoni, barua zilileta daktari wa kuazima siku moja kwa mwezi, na nilipohitimu nilimkuta kijana mwingine, tabibu kama mimi, keshapangwa chumba namba nne. Mrefu aliondoka kama alivyosema. Daktari Pole alifaulu mtihani wa kule kwa mara ya pili, na sasa anatibu meno yenye wenyewe.

Mwezi uliopita alikuja likizo ya wiki mbili. Siku sita kati ya hizo alizimalizia kwetu akifanya yale yanayotuzidi, na baba yake mlangoni anapanga foleni. Siku ya mwisho, tukinawa mikono, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Na wewe hawajakutafuta, watu wa kule?"

"Wamenitafuta. Fomu ninayo."

"Umeijaza?"

"Bado. Kuichana pia bado."

Alinitazama kwenye kioo cha juu ya sinki. Hakuniambia nenda wala baki. Alisema "pole," na mara hii alimaanisha. Kisha akanipa taulo, maana mlangoni Hedimasta alikuwa anagonga, anasema waliovimba bado ni wanne.