Fundi Magari Kwenye Kiti cha Meno

Mimi simwamini mtu yeyote aliyeshika plaizi. Nasema hivyo kwa sababu nimeshika plaizi miaka ishirini na sita, na najua vizuri mwenye plaizi anaweza kumwambia nini asiye nayo.

Halafu nina kovu. Jino langu la kwanza kung'olewa lilikuwa zima. Nilimwonesha bwana mmoja, daktari wa meno, kwa kidole changu mwenyewe, akaling'oa, na nilipofika nyumbani maumivu yalikuwa palepale yakinisubiri. Nikarudi, akang'oa la pili. Tangu siku hiyo upande wa kulia huko nyuma nina fizi tupu, na kutafuna kwangu kote kunategemea kushoto. Sasa kushoto nako kukaanza kuuma. Likienda zima jingine, nilijiambia, nitakunywa uji mpaka siku ya kuzikwa.

Nilivumilia wiki mbili. Mke wangu ndiye aliyechoka.

"Jino ni lako, lakini usingizi ni wetu sote," akaniambia Jumamosi asubuhi. "Leo usiporudi na shavu limevimba kwa kung'olewa, litavimba kwa jambo jingine."

Kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki ya meno alikuwepo bibi mmoja tu, amekaa na begi miguuni na mto wa kulalia mapajani. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Jino?"

"Jino."

"Usiogope. Daktari wa humu ana mkono mwepesi, wala hutasikia kitu."

Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nina mjomba wangu ambaye hushinda gereji akiwaambia wateja kwamba fundi kama mimi hawatampata. Huyu bibi naye, na mto wake, alionekana amezoea kukaa pale. Nikajiambia, hapa pana mjomba.

Nikaitwa. Kiti kile hakikukalishi, kinakulaza. Nilikuwa nimeshalala, taa imenimulika usoni, ndipo daktari akageuka, barakoa mdomoni, akasema, "Ah! Fundi! Karibu sana."

Sauti ile niliijua. Gereji hatujui majina ya watu, tunajua magari yao. Huyu alikuwa Mama Buluu.

Hapo sina budi kusema ukweli wote. Wiki tatu nyuma Mama Buluu aliniletea gari lake la buluu, pampu ya maji inavuja. Nikamwambia inatakiwa mpya, akanipa hela ya mpya, akaniachia gari akaenda zake. Pampu mpya sikununua. Niliifungua ile ile, nikaisafisha kwa petroli, nikaibandika dawa ya kuziba pale inapovuja, nikaipulizia rangi ya fedha. Ikang'aa. Alipokuja nikamfungulia boneti, akaitazama, akanishukuru. Kwa safari za mjini niliona itamfaa kwa muda.

Sasa nilikuwa nimelala chali mbele yake, naye ana sinia nzima ya vyuma. Anajua au hajui? Uso wote ulifunikwa, nimebakiwa na macho mawili ya kusoma, na macho yenyewe yalikuwa yanacheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Daktari," nikasema, "mimi kabla hujakigusa chombo, naomba uniambie ni cha nini."

"Bila shaka," akasema. "Ingekuwa ajabu fundi asiulize."

Ingekuwa ajabu? Ana maana gani?

Akachukua kioo cha mviringo, kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye mpini. "Hiki cha kuonea nyuma ya meno, mahali jicho halifiki. Na ndicho kinachonisaidia kuusogeza ulimi."

Nilimwelewa zaidi ya alivyodhani. Mimi pia nina kioo chenye mpini, cha kuchungulia chini ya injini. Mteja akiniuliza huko chini kukoje, aliyeona ni mimi peke yangu.

"Na hiyo ndoano?"

"Kichokonoo. Nakipitisha juu ya jino taratibu. Palipo pazima kinateleza, palipooza kinanasa." Akakiinua kwenye taa, ncha yake nyembamba kama mwiba. "Hakidanganyiki hiki, fundi. Hata pakipakwa kitu juu."

Kwa nini ametaja kupaka?

Kichokonoo kikapita. Kikafuata kijiti chenye alama nyeusi, kama kile cha kupimia oili, akakichomeka kati ya jino na fizi kuona fizi imeachia kwa kina gani. Alikuwa akitaja namba kwa sauti, na msaidizi wake, binti asiyesema neno, akiziandika. Kila namba ilinifikia kama hesabu ya makosa yangu.

"Linalouma ni lipi?"

Nikaonesha la mwisho kabisa kwa kidole. Akageuza kile kioo, akaligonga kwa mpini. Tok. Sikusikia kitu. Akagonga la jirani yake. Niliruka nusu nishuke kitini.

"Ndilo hilo," akasema. "La mwisho ni zima kabisa. Jino bovu lina tabia ya kumsingizia jirani. Mtu anaonesha kwa kidole, daktari mvivu anang'oa pale pale kidole kilipoonesha."

Miaka tisa nimemlaani yule bwana aliyening'oa jino zima, na kidole kilikuwa changu.

Lakini shaka haiishi haraka hivyo. "Hilo limezibwa," nikasema. "Limezibwa vizuri, linang'aa."

"Linang'aa juu." Akanionesha picha ya jino kwenye skrini. Chini ya kile kizibo palikuwa na weusi, na mzizi mmoja umepasuka. "Aliyeziba hakusafisha uozo. Kaufunika tu, akakabidhi. Mtu wa namna hiyo wewe ungemfanya nini, fundi?"

Anajua, nikasema moyoni. Huyu mwanamke anajua, na ameamua kunila mzima mzima. Jaribu wewe kujibu swali kama hilo ukiwa umelala chali.

"Ningemsamehe," nikasema.

Akacheka mpaka barakoa ikatikisika. "Una moyo. Hili halizibiki tena, tulitoe." Akachukua bomba la sindano, la chuma, lenye pete ya kuingiza kidole gumba. "Hii ni ganzi. Utasikia mchomo, kisha hutasikia kitu. Ukiumia wakati wowote, inua mkono wa kushoto, nami naacha pale pale."

Mchomo ukaja. Taratibu mdomo ukaanza kuhama: kwanza pembe, kisha nusu ya ulimi, mpaka shavu likawa kama la mtu mwingine. Tulipokuwa tukisubiri, akapanga vyuma viwili vya mwisho kwenye sinia.

"Hiki kama bisibisi ni cha kulegezea jino kutoka kwenye mfupa. Hatuvuti kwanza, tunalegeza kwanza. Na hili ndilo koleo. Kila jino lina koleo lake. Hili ni la gego la chini, taya zake zina ncha zinazoingia katikati ya mizizi."

Nati yenye kutu nami siivuti, naitikisa kwanza. Kwa mara ya kwanza nikamwona anasema kama fundi mwenzangu, roho ikaanza kutulia. Ndipo akasema lile neno.

"Bahati yako umewahi. Wewe ndiye wa mwisho leo. Ukitoka nafunga, nampeleka mama yangu kwake, kule juu mlimani. Si umemwona hapo nje, na mto wake? Njia ina kona, inapanda saa mbili nzima. Kaka zangu wamenikataza, wanasema nikodi gari." Akanigusa bega. "Nikawaambia, gari langu kalitengeneza fundi ninayemwamini, pampu mpya. Sina wasiwasi hata chembe."

Hakujua kitu. Muda wote ule hakujua kitu. Maneno yote niliyoyaogopa yalikuwa ya meno.

Nikaiona ile pampu. Pale mjini dawa niliyobandika inashika. Kwenye mlima, injini ikichemka, saa nzima haiwezi. Ikizimika ghafla, breki nazo zinakuwa ngumu, na kona zile, na bibi mwenye mto.

"Pam..." nikasema. Ulimi ukaanguka upande. "Daktari, ile pam... pamhu..."

"Pamba?" Akainama. "Usijali, pamba nitakuwekea, nyingi tu."

Nikatikisa kichwa. "Pam-fu!"

"Eeh, pamba. Fungua mdomo sasa." Bomba la kufyonza mate likaingia, likaanza kukoroma, likayameza na maneno yangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Aliniambia niuinue wakati wowote, naye ataacha. Sikuuinua. Nilijitetea kwamba ganzi imenifunga mdomo, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Alikuwa na koleo mkononi, nami nilikuwa nimemwibia. Nikajiambia, jino kwanza. Na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko pampu yenyewe.

Akalegeza, akashika, akatikisa kulia na kushoto, likatoka. Akalionesha kwenye taa: juu zuri, chini jeusi. Kisha akakunja pamba, akaibana pale lilipotoka.

"Uma kwa nguvu. Nusu saa usiitoe, usiteme, usizungumze. Ukitema, damu itaanza upya."

Nusu saa ya kutozungumza. Shetani mwenyewe asingeniandikia cheti kizuri kama hicho. Ningeweza kwenda nyumbani zangu, nimefunga mdomo kwa amri ya daktari.

Nilifika mpaka getini. Nikamsikia bibi akiulizwa kama amekunywa dawa zake, nikamwona akiingizwa kwenye gari la buluu, mto ukiwekwa nyuma ya kiuno. Injini ikawaka. Kwa masikio ya mtu mwingine ulikuwa mlio wa kawaida. Mimi nilisikia beringi ya pampu ikilia chini chini, kama mtu anayejizuia.

Nikarudi mbio, nikasimama mbele ya gari na viganja viwili juu ya boneti.

Daktari akatoa kichwa dirishani. "Fundi! Nimekwambia utulie! Kuna nini?"

Nikatoa pamba. Damu ikanitiririka kidevuni.

"Pamba hiyo irudishe!"

"Fi pamba, daktari." Nikaushika mdomo kwa vidole, upande uliokufa, nikaulazimisha. "Pam-pu. Pampu ni ile ile. Nimeipaka rangi."

Akanitazama. Akazima gari. Tukasikia tone, chini ya injini, likidondoka kwenye saruji. Kisha jingine.

"Anasemaje?" bibi akauliza kutoka ndani.

"Anasema hatusafiri, mama."

Akashuka. Nilidhani atanizaba kibao, na ningekipokea; upande ule hata nisingekisikia. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na glovu mpya na pamba mpya, akanifungua mdomo kwa vidole viwili, akaibana mahali pake.

"Uma."

Nikauma. Macho yake hayakuwa yanacheka tena, na moyo uliniuma kuliko jino.

"Nenda kanunue pampu. Uje na risiti yake, na boksi lake, na vyombo vyako vyote."

Saa saba nilikuwa nimerudi. Yeye alikuwa ameweka kiti pembeni ya boneti, amekaa na koti lake jeupe. Bibi naye ameletewa kiti cha pili, mto mapajani. Nikafungua mfuko wa vyombo, nikatoa spana ya kwanza.

"Simama hapo hapo," akasema daktari. "Hiyo ya nini?"